Waya wa juu wa treni ya mfano usiwe pambo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie jambo linaloharibika kwa kukosa maelezo tu. Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mtoto akiambiwa achore treni haweki moshi tena, anaweka nyaya. Watengeneza mifano nao wameelekea huko huko, na mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, ndio unaopendwa. Lakini ukisogea karibu na mifano mingi utakuta waya wa juu ni uzi wa kushonea, pantografu (ule mkono wa paani unaogusa waya na kuchukua umeme) imebandikwa kwa gundi, na nguvu inatoka kwenye betri iliyofichwa behewani au kwenye reli zenyewe.

Kwenye mifano mikubwa hakuna sababu ya waya kuwa pambo. Unaweza kubeba umeme kweli, kwa vifaa vingi vinavyopatikana dukani mtaani. Na anayeujenga atajua kwa mikono yake kwa nini waya wa treni ya umeme hauendi katikati ya njia moja kwa moja, kwa nini mikono ya nguzo ina bawaba, na vile vizito vinavyoning'inia kwenye nguzo za mwisho kwenye reli nyingi za umeme vinafanya kazi gani.

Ninaposema mifano mikubwa nakusudia ile ya reli zilizoachana milimita 45. Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipotoa treni zake za bustani za LGB mwaka 1968, ilitumia upana huo kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 ili kuwakilisha reli za mita moja: gawanya milimita 1,000 kwa 22.5, unapata 44.4. Kwa hiyo reli yetu ya zamani, ya Tanzania na ile ya Kenya na Uganda, inaingia kwenye kipimo hicho bila kulazimishwa. Ukitaka SGR, yaani reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, reli hizo hizo za milimita 45 zinafaa, ila kila kitu juu yake kijengwe kwa 1 kwa 32, kwani 1,435 ukigawanya kwa 32 ni 44.8. Kuchanganya vipimo hivi viwili ndiyo asili ya mifano ambayo macho yanakataa hata kama huwezi kusema kasoro iko wapi: kichwa cha treni kinalingana kimo na nguzo, au behewa linaonekana kama limekopwa kwa jirani.

Wala reli ya mita moja si lazima iwe ya dizeli. Rhätische Bahn ya Uswisi ina upana huo huo wa mita moja na mtandao wake mkuu unatumia volti 11,000. Kichwa chake cha Ge 6/6 I, kinachoitwa Krokodil kwa pua zake ndefu mbele na nyuma, kilianza kutengenezwa mwaka 1921, na LGB wamekitolea mfano. Vichwa vya umeme vya zamani vya LGB huwa na swichi ya kuchagua umeme wa reli au wa waya. Ukinunua kilichotumika, kipime kwa mita kwanza kutoka kwenye pantografu hadi ndani. Iko mifano ambayo pantografu yake hupanda na kushuka kwa mota, ikapendeza kweli, lakini hakuna waya unaoshuka ndani kuchukua umeme.

Sasa umeme wenyewe. Reli ya SGR inatumia volti 25,000, na huo si waya wa kusogelea hata kwa fimbo. Watoto waambiwe hivyo kabla ya kuonyeshwa mfano. Mfano unatumia volti 18 hadi 24 za umeme mnyoofu kama wa betri. Sheria za Ulaya za vitu vya kuchezea hazivuki volti 24, na sioni sababu ya mtu yeyote kuzivuka. Transfoma iwe ndani ya nyumba au kwenye boksi lisiloingia maji, iwe ya aina inayotenganisha kabisa umeme wa ukutani na wa mfano, na kinachotoka kwenda njiani kiwe hiyo 24 tu. Kwenye njia ya kutokea weka fyuzi ya gari ya ampea 5, ambayo kila duka la spea linayo. Kichwa kikubwa kinachopanda mwinuko na mabehewa yake huvuta ampea 2 hadi 3, kwa hiyo fyuzi hiyo haitakusumbua, ila ikitokea shoti itakata kabla waya haujawa mwekundu.

Namna ya kuunganisha iko ya aina mbili. Ya kwanza ni waya wa juu pamoja na reli moja, reli ya pili ikaachwa kwa treni nyingine. Inakuwezesha kuendesha treni mbili kwa kujitegemea kwenye njia moja, lakini ukikigeuza kichwa, upande wake uliokuwa ukichukua umeme unaangukia reli isiyo yake na kinasimama. Ya pili ni ya reli halisi: waya wa juu ni chanya, reli zote mbili kwa pamoja ni hasi. Mimi naipendekeza hii, na sababu yangu kubwa ni kitanzi. Anayejenga kwa umeme wa reli mbili anajua kwamba njia ikijizungusha na kurudi kujiunga na yenyewe, reli ya kushoto inakutana na ya kulia na unapata shoti. Ukiwa na waya wa juu, reli zote ni za upande mmoja, zikutane zinavyotaka. Ndani ya kichwa unaunganisha pamoja nyaya za magurudumu ya kushoto na ya kulia, na waya wa pili wa mota unaupeleka kwenye pantografu. Andika chini ya kichwa hicho kwa rangi kwamba kimebadilishwa, maana siku mtu akikiweka kwenye njia ya kawaida ya reli mbili, hapo hapo ni shoti.

Wanaotumia mfumo wa kidijitali wawe na tahadhari moja: waya na reli zipate ishara kutoka kituo kimoja. Kichwa kikipokea ishara ya kituo kimoja juu na ya kingine chini, dekoda, kile kifaa cha ndani kinachosoma ishara, inaweza kuungua.

Waya gani utumike? Shaba tupu ya kipenyo cha milimita 1 ndiyo bora. Ukiikosa, nunua kebo ya nyumba ya waya mmoja mgumu wa milimita za mraba 1.5, uvue ganda. Kipenyo chake ni karibu 1.4. Kwa kuwa shaba hiyo ni laini, funga ncha moja kwenye mti, shika nyingine kwa koleo na uvute taratibu mpaka mita 10 zirefuke sentimita 10 hadi 15. Utausikia mkononi ukianza kukataa. Mikunjo yote inanyooka na waya unakuwa mgumu kidogo. Usiutoe kwenye gurudumu lake kwa kuuchomoa kando kama uzi wa kibiringo. Uviringishe ukitoka, vinginevyo kila mzunguko unaacha kinundu, na kila kinundu ni mahali pa cheche.

Kishawishi kikubwa ni waya wa kufungia nondo, kwa kuwa ni rahisi na umejaa kila mahali. Kwa majaribio ya jioni moja, sawa. Lakini angalia hesabu. Waya wa shaba wa milimita 1 una ukinzani wa omu 0.022 kwa mita. Kwa mita 20 na ampea 3 unapoteza volti 1.3. Waya wa chuma wa unene ule ule, urefu ule ule, unaweza kula volti 8 hadi 10. Treni inatoka kituoni kwa mwendo, ikifika upande wa mbali inatambaa, na mwenye treni anabadilisha mota bure. Halafu chuma kikipata mvua moja kinashika kutu. Hata kwa shaba, usitegemee waya peke yake kusafirisha umeme: pitisha kebo ya milimita za mraba 2.5 ardhini sambamba na njia, uipandishe kwenye waya kila baada ya mita 4 au 5, na urejeshe kutoka kwenye reli vivyo hivyo. Viungo vya reli ndiko umeme mwingi hupotelea. Kila kiungo kilehemiwe kipande cha waya unaonyumbulika kuvuka pengo.

Kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, maliza reli. Nasisitiza hili kwa sababu waya hulaumiwa kwa makosa ya reli. Kwa kipimo cha 1 kwa 32, waya ukiwa kwenye kimo cha milimita 166 juu ya reli (mita 5.3 za kweli), reli moja ikididimia milimita 2 tu inaihamisha pantografu milimita 7 pembeni. Piga mwenyewe: 166 mara 2, gawanya kwa 45. Kokoto zimetitia upande mmoja baada ya mvua, na wewe uko juu unavuta waya! Tengeneza behewa la kupimia: behewa bapa, mti uliosimama wima katikati ya bogi (fremu ya magurudumu inayogeuka chini ya behewa), na juu yake kijiti cha kukingama kwenye kimo cha waya chenye alama katikati na alama nyingine milimita 10 kila upande. Lisukume kwa mkono njia nzima. Waya ukitoka nje ya alama, angalia kwanza reli kwa pima maji, kisha nguzo, waya uwe wa mwisho.

Kwenye sehemu iliyonyooka waya uende zigizaga, milimita 6 hadi 7 kushoto kwenye nguzo hii, kulia kwenye inayofuata. Waya unaokaa katikati daima unachimba mfereji kwenye kiatu cha pantografu, yaani kipande cha juu kinachougusa waya, na mfereji huo ukishakuwa na kingo, siku moja unaushika waya na kuuvuta. Kwenye reli halisi ni sentimita 20 hivi kila upande, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye kona hali ni tofauti. Waya hauwezi kupinda. Unakatiza kutoka nguzo hadi nguzo kama kamba ya upinde, na katikati unaingia ndani ya kona. Kiasi cha kuingia ni umbali wa nguzo ukizidishwa kwa wenyewe, ukagawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Nguzo zilizoachana milimita 400 kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 1,200 zinakupa 16.7. Gawa katikati: kwenye nguzo waya ukae milimita 8 nje ya mstari wa kati, katikati ya nguzo utakuwa 8 ndani. Kichwa cha pantografu cha 1 kwa 32 kina upana wa milimita 50 hadi 60 pamoja na pembe zake, kwa hiyo unabaki na nafasi ya treni kuyumba. Ukitaka kubaki ndani ya kiasi hicho cha milimita 16, kona ya nusu kipenyo cha 600 inahitaji nguzo kila milimita 277, na ya mita 3 inakuruhusu 620. Anayepanga nguzo kwa umbali mmoja njia nzima kwa sababu inapendeza atakuja kujua kwenye kona.

Jambo jingine la kona husahaulika hata na mafundi wazuri. Pantografu ikae juu ya kitovu cha bogi, isiwekwe katikati ya paa. Kichwa ambacho vitovu vya bogi zake vimeachana milimita 400, kwenye kona ile ile ya 1,200, katikati ya paa lake panaingia ndani milimita 16.7, ilhali juu ya bogi panabaki juu ya njia. Ukiijumlisha na mchezo wa waya, pantografu ya katikati haina pa kushika.

Nguzo. Kona inavuta. Waya uliokazwa kwa kilo moja na nusu, nguzo zikiwa 400 kwenye kona ya 1,200, unaivuta kila nguzo kwa nguvu ya nusu kilo kuelekea ndani. Fimbo ya chuma ya milimita 6 inapinda chini ya milimita 1 kwa mvuto huo. Fimbo ya shaba njano ya milimita 3, ambayo ni nzuri kwa macho na rahisi kulehemu, inapinda karibu milimita 20, na hesabu yako yote ya zigizaga imekwisha. Simamisha nguzo milimita 90 kutoka katikati ya njia, upande wa nje wa kona ili mkono uvutwe na usisukumwe, na mguu wake uzikwe kwenye kopo la zege lenye kina cha sentimita 20. Uinamishe nje kidogo kabla zege halijakauka, waya utausimamisha. Mkono uwe na bawaba mahali unapoungana na nguzo, na kihami, yaani kizuia umeme, cha plastiki ngumu au mrija wa kalamu kati ya mkono na nguzo. Mshipi wa kuvulia umetumiwa na wengi badala ya kihami. Unafaa wiki za kwanza, baadaye jua linaula na siku ya kukatika haikupi taarifa.

Ukazaji ndio moyo wa kazi yote. Tuseme umefunga waya imara ncha zote mbili saa saba mchana, jua kali, ukauacha umenyooka vizuri. Usiku shaba inapoa nyuzi 25, inataka kufupika, haina pa kwenda. Kwa waya wa milimita 1 mvuto unaongezeka karibu kilo 4, na asubuhi unakuta nguzo za mwisho zimeinama kama zinasalimiana. Ukifunga alfajiri, mchana waya unalegea na pantografu inauinua na kuuangusha. Dawa ni kuuacha utembee. Ncha moja ifungwe imara, nyingine ipite kwenye kapi na kushuka na kizito. Chupa ya maji ya lita moja iliyojaa mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1.5 na ushei, na inatosha. Kwa mita 10 za waya na badiliko la nyuzi 25, kizito kitapanda na kushuka milimita 4 tu, kwa hiyo ukiona hakisogei kabisa kati ya asubuhi na mchana, kapi limekwama. Njia ndefu ikatwe vipande vya mita 20, kila kimoja na kizito chake. Kwenye kona nyingi msuguano unakula mvuto njiani, basi punguza urefu huo.

Kwa ukazaji huo, nguzo zikiwa nusu mita, waya wa milimita 1 unalegea kwa uzito wake milimita 0.14, kitu usichokiona. Ndiyo maana sioni haja ya anayeanza kuhangaika na waya mbebaji, ule wa pili wa juu unaoushikilia waya wa umeme, na vining'inizo vyake. Kwenye reli halisi nguzo zinaachana mita 50 na zaidi, bila mbebaji waya ungelala. Kwenye mfano ni sura tu. Ukitaka sura hiyo baadaye, tumia vining'inizo vya milimita 0.5 vyenye ndoano na ulehemu kwa kugusa sekunde 2 au 3, tena upande wa juu. Pasi ya kulehemia ikikaa muda mrefu inailainisha shaba, na tone la lehemu chini ya waya ni kisiki kwa pantografu.

Kiatu cha pantografu kiwe cha kaboni. Shaba juu ya shaba inakwanguana na kurarua vyote viwili. Chukua kaboni kuukuu za grinda au drili, zikate kwa msumeno wa chuma ziwe upana wa milimita 4 hadi 5, zisugue kwa msasa mpaka uso uwe laini, uzibane kwenye mfereji wa shaba njano kwa skrubu ndogo. Usijaribu kuzilehemu, lehemu haishiki kaboni. Ncha za mfereji zishuke chini kama pembe ili waya uliotoka urudi wenyewe. Kisha pima msukumo: funga uzi kwenye kiatu, ning'iniza nati ulizozipima kwenye mzani wa jikoni, ongeza mpaka pantografu ibaki imesimama kwenye kimo cha waya bila kupanda wala kushuka. Gramu 30 ni kiasi kizuri. Waya utainuka milimita 2.5 katikati ya nguzo. Chini ya 15 utaona cheche usiku mpaka majirani waulize. Ukifika 80 unauinua waya karibu milimita 7, na kila nguzo inakuwa kama tuta barabarani. Msingi wa pantografu ufungwe kwa skrubu za plastiki: ikinasa, ivunjike yenyewe, isishuke na mita tatu za laini.

Kunasa hutokea zaidi kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili na nyaya mbili zinapokutana. Treni inakuja kutoka njia ya pembeni, pantografu inauinua waya wake, ule wa njia kuu unabaki chini, na pembe ya pantografu inapita juu yake. Hapo hakuna breki inayosaidia. Funga kipande cha waya mgumu cha sentimita 8 hivi juu ya nyaya zote mbili karibu na makutano, kishike mmoja na kuuruhusu mwingine uteleze, ili mmoja ukiinuliwa uinuke na mwenzake. Tofauti ya kimo isizidi milimita 1. Pitisha behewa la kupimia mara nne, kila njia kwenda na kurudi.

Ukigawa njia katika sehemu, weka kati yake kipande cha plastiki cha sentimita 6 (kibao cha jikoni cha kukatia nyama ni malighafi nzuri) chenye uso wa chini ulio sawa na waya. Treni yenye pantografu mbili zilizounganishwa kwa waya juu ya paa huvuka kipande hicho na kuziunganisha sehemu mbili, na kama moja inakwenda mbele na nyingine nyuma, fyuzi inaondoka. Shusha mojawapo.

Hayo yote hayahusu treni za kupanda watu, za reli ya inchi 5. Kwa kipimo chake waya ungekaa sentimita 47 juu ya reli, kwenye mbavu za dereva. Huko betri ya volti 24 ni jibu la haki, na pantografu iwe pambo bila aibu.

Utunzaji wa mwambao una adui wake, chumvi ya bahari. Kuanzia Mombasa mpaka Mtwara shaba iliyoachwa bila kupitiwa inashika ukungu wa kijani. Kwa njia inayotumika, kaboni yenyewe inausafisha waya. Iliyokaa wiki mbili ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, na palipoungua kwa cheche pasuguliwe kwa msasa namba 600, kisha 1000. Steelwuli usiiguse: nyuzi zake zinavutwa na sumaku za mota na kuimaliza. Wala usipake mafuta. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa udongo unaozuia umeme. Umande wa asubuhi ukaushwe kwa mizunguko miwili ya taratibu kabla ya kufunga mabehewa.

Na kunguru. Mmoja ana robo kilo na zaidi, akitua katikati ya nguzo anaushusha waya sentimita 2, na ndoano zisizobanwa zinachomoka. Wakitua wanne wanafanya ukaguzi wa ukazaji bila kuombwa. Baada ya ziara yao pita na behewa la kupimia kabla ya kuwasha umeme.

Kwenye boksi la akiba viwepo viatu viwili vya kaboni vilivyokwisha kusuguliwa, mita 5 za waya ulionyooshwa, mikono miwili ya nguzo, kapi moja, skrubu kumi za plastiki na fyuzi tano. Kaboni ikibaki milimita 2 juu ya mfereji, ibadilishe siku hiyo hiyo, maana mfereji wa shaba ukigusa waya kwa mizunguko michache tu unauachia makovu ambayo kiatu kipya kitayasaga kwa mwezi mzima.

Wako,
Mpenzi wa reli,
Tanga